Toyota Aqua baada ya miaka sita Dar: gari naikubali, ahadi za walioitengeneza bado

Hii Aqua ninayo mwaka wa sita sasa, niliiagiza Japani ikiwa na kilomita elfu sabini na kitu, nikaitoa bandarini mwenyewe, na tangu siku hiyo ndo inanipeleka kazini, ndo inapeleka watoto shule, ndo inatupeleka Moro kwa bibi yao sikukuu zikifika. Watu wananiuliza sana habari za haibridi, yaani gari ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, eti betri ikifa umekwisha, eti mafundi wetu hawaziwezi, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Ila nusu ya rivyu hii haihusu gari, inahusu kampuni na mambo inayofanya kwa serikali za watu, na ukifika katikati utaona kwa nini kwa sisi tunaonunua mitumba ya Japani hayo mawili ni kitu kimoja.

Tuanze na gari yenyewe. Aqua ilitoka Japani Desemba 2011, injini ya cc 1500 pamoja na mota ya umeme, betri kubwa iko chini ya siti ya nyuma, na Wajapani waliipenda kweli maana kuanzia 2013 mpaka 2015 ndo iliyoongoza kwa mauzo kwao ukiacha zile ndogo za cc 660. Kwenye foleni ya Kimara kuja Ubungo ndo utaijua thamani yake, magari yanasogea hatua tano yanasimama, wewe injini imezima kabisa unasogea na betri na AC inapuliza, mshale wa mafuta upo palepale. Mimi napata kilomita 20 kwa lita, safari ndefu isiyo na haraka inafika 22. Ukisoma makaratasi ya Japani utakuta 35.4 kwa lita, hiyo ni namba ya kipimo chao cha maabara, usiipigie hesabu ya bajeti. Kabla ya hapo nilikuwa na IST iliyokuwa inanipa 11, na kwa petroli ya karibu elfu tatu kwa lita na kilomita kama elfu kumi na tano ninazotembea kwa mwaka, tofauti inakaribia milioni moja na laki nane kila mwaka, hela ya ada ya mtoto hiyo.

Sasa betri. Mwaka wa tatu taa ya pembetatu ikawaka kwenye dashibodi, nikapeleka gereji moja hivi, wakachomeka mashine dakika tano wakaniambia betri imekufa, lete milioni mbili na nusu tukufungie nyingine. Sikulala usiku ule. Kesho yake jirani akanielekeza kwa kijana mmoja anayeshughulika na haibridi tu, yeye hakuanza na mashine, alianza kwa kupiga magoti akafungua tundu la hewa lililo pembeni chini ya siti ya nyuma, akatoa vumbi, nywele, maganda ya karanga na vipande vya biskuti, feni inayopoza betri ilikuwa imezibwa kabisa. Akaisafisha, akafuta ile alama ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, akachukua elfu sitini yake. Taa haijarudi mpaka leo. Kwa hiyo ukinunua haibridi yoyote jambo la kwanza ni hilo tundu, lisafishe kila ukifanya sevisi na usiweke mzigo ukaliziba, na watoto wasile vitu hapo japo najua haiwezekani.

Mengine nayapita haraka. Spea Kariakoo zipo mpaka basi, breki hazili pedi kwa kuwa mota inasaidia kupunguza mwendo, gari iko chini kwa hiyo njia za ndani za Goba wakati wa masika unaenda taratibu na akili zako zote, buti inaingia gunia moja la mkaa na begi. Kwa gari peke yake natoa nyota nne na nusu.

Kilichonifanya nianze kuichunguza kampuni ni mwaka jana nilipoanza kutafuta gari ya umeme. Nikasema bwawa la Nyerere limeshakamilika, mitambo tisa, megawati 2,115, unit moja ya Luku ya nyumbani ni kama shilingi 356, kwa nini niendelee kupanga foleni sheli. Nikaingia kwenye minada ya Japani na wakala wangu. Aqua mamia, Fit haibridi mamia, Note, Prius, Vitz, unachagua mpaka rangi. Za umeme kamili nikakuta Leaf ya Nissan, Leaf, Leaf nyingine, na vitu vichache vya hapa na pale. Nikamuuliza wakala mbona hivi, akanijibu kirahisi tu: huku hatuuzi ambacho Wajapani hawakununua.

Hiyo sentensi sijaisahau. Sisi gari tunayoendesha leo ni ile ambayo mtu wa Osaka au Nagoya aliichagua miaka saba minane iliyopita, Kenya sheria yao hairuhusu kabisa gari ya zaidi ya miaka minane na hapa kwetu ikivuka hiyo ushuru wa uchakavu unakupiga, kwa hiyo dirisha letu ni lilelile. Na yule mtu wa Osaka anachagua kati ya vile vilivyowekwa shoo-rumu, na vinavyowekwa shoo-rumu vinategemea sheria za nchi yake, na sheria za nchi yake zinategemea nani amekaa na waziri. Japani mpaka leo magari ya umeme kamili ni asilimia chache sana ya mauzo mapya. Maana yake hata ya 2032 ya kwetu tayari yameshaamuliwa.

Basi nikaanza kusoma nani alikaa na waziri. Desemba 2020 serikali ya Japani ilipokuwa inafikiria kusitisha magari ya petroli tupu, Akio Toyoda, wakati huo rais wa Toyota na pia mwenyekiti wa umoja wa watengeneza magari wa Japani, alisimama mbele ya waandishi akapinga waziwazi, akasema magari yote yakiwa ya umeme nchi itaishiwa umeme kiangazi. Mwezi uliofuata waziri mkuu Suga akatangaza lengo la 2035 kwamba magari mapya yote yawe ya umeme, lakini kwenye hesabu hiyo haibridi nazo zimo. Yaani Aqua kama yangu, inayokunywa petroli kila siku, kwa lengo lile inahesabika imeshafika. Mimi ninayeiendesha nawaambia haijafika, ina tenki la mafuta na bomba la moshi kama nyingine zote, inachofanya ni kunywa kidogo.

Marekani vilevile. California ina haki ya zamani ya kuweka viwango vyake vikali vya moshi na majimbo mengine yanaifuata. 2019 serikali ya Trump ikataka kuinyang'anya, Ford, Honda, Volkswagen na BMW wakaamua kukubaliana na California, ila Toyota, General Motors na Fiat Chrysler wakaingia mahakamani upande wa Trump. Uchaguzi ulipopita GM akajitoa Novemba 2020, Toyota akatoka Februari 2021 Biden akiwa ameshaingia ikulu. Mimi siwezi kusema kilichokuwa moyoni mwao, lakini hizo tarehe zipo na kila mtu anaweza kuzipanga mwenyewe.

Kuna taasisi ya London inaitwa InfluenceMap, kazi yao ni kukusanya barua, hotuba na mawasilisho ambayo makampuni yanapeleka serikalini halafu wanayapima na malengo ya tabianchi, yale ya mkataba wa Paris ya kujitahidi joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5. Ripoti yao ya 2024 ilipima watengenezaji 15 wakubwa duniani. Tesla akaongoza na B, Toyota akashika mkia na D, na nchi walizozitaja kwamba Toyota amekuwa akisukuma kinyume cha sheria za magari ya umeme ni pamoja na Marekani, Australia na Uingereza.

Ukisoma haraka utasema Australia na Uingereza zinatuhusu nini sisi. Fikiria usukani. Sisi tunaendesha usukani wa kulia, na nchi tajiri zenye usukani wa kulia ambazo mitumba yake inaweza kutufikia zinahesabika kwa vidole: Japani, Uingereza, Australia, Singapore na wengine wachache. Uingereza mwaka 2024 walianza sheria ya kumlazimisha kila mtengenezaji asilimia 22 ya magari mapya anayouza yawe ya umeme na inapanda mpaka 80 ifikapo 2030. Australia walipitisha kiwango chao cha moshi Mei 2024 kikaanza Januari 2025, na kabla ya hapo umoja wa wauza magari wa kule ulipigana nacho mpaka Tesla na Polestar wakaondoka kwenye umoja. Kila asilimia iliyolegezwa kwenye vikao hivyo ni gari ya umeme ya usukani wa kulia ambayo haitapanda meli kuja Dar wala Mombasa. Hii kwangu ndo hoja yenyewe, na nashangaa hatuijadili kabisa wakati tunajadili bei ya rimu usiku kucha.

Sio Toyota peke yake, nisionekane namuonea. Volkswagen 2015 alikamatwa ameweka programu ya kudanganya kipimo cha moshi kwenye dizeli kama milioni 11. Watengenezaji wa Ulaya wenyewe 2025 walilia mpaka wakapewa miaka mitatu ya kufikia lengo la moshi la mwaka mmoja. Mwaka huohuo umoja wa watengenezaji wa Marekani ulishangilia bunge likiifuta ruhusa ya California kutumia sheria yake ya magari ya umeme. Nawaandika zaidi Toyota kwa sababu mbili tu: ndo mkubwa kuliko wote duniani, na ukisimama daraja la Kijazi pale Ubungo ukahesabu gari kumi zinazopita, saba ni zake. Neno lake lina uzito kwetu kuliko la mwingine yeyote.

Na mipango je, maana mtu anaweza kushawishi serikali vibaya akatengeneza vizuri. Desemba 2021 Toyoda aliweka magari ya umeme jukwaani kwa mkupuo, akaahidi aina 30 na mauzo ya milioni 3.5 kwa mwaka ifikapo 2030. Mimi nilifurahi siku ile, nakumbuka nilimtumia picha shemeji yangu. Mwaka uliofuata ikatoka bZ4X, ya kwanza ya safari hiyo, ikarudishwa kiwandani ndani ya miezi michache kwa bolti za magurudumu kulegea. 2023 Toyota na Lexus waliuza magari kama milioni 10.3, ya umeme kamili yalikuwa laki moja na elfu nne, hiyo ni asilimia moja. Walikuwa wamepanga milioni 1.5 kwa 2026, mwaka 2024 zikaja taarifa kwamba wameshusha mpaka kama milioni moja. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema ili tubaki kwenye ile njia ya 1.5, asilimia 66 ya magari mapya duniani yanatakiwa yawe ya umeme ifikapo 2030, wakihesabu na haibridi za kuchomeka, zile ambazo betri yake unaichaji ukutani. Makadirio ya uzalishaji ambayo InfluenceMap walitumia yalifika 53, na kati ya wale 15 waliokuwa kwenye mstari walikuwa watatu tu, Tesla, Mercedes-Benz na BMW. Wajapani ndo waliokuwa nyuma kuliko wote.

Nisikilize na upande wao maana wana hoja na nimeipima kwa haki. Toyota wanasema madini ya betri ni machache, na yale yanayotosha gari moja la umeme la masafa marefu yanatosha haibridi za kuchomeka sita au haibridi za kawaida tisini, na hizo tisini kwa maisha yake zinapunguza kaboni mara 37 ya lile moja. Kwa hesabu ya leo tu, kwa nchi ambayo umeme wake ni makaa ya mawe, inaeleweka. Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao tisini, nimepunguza karibu nusu ya mafuta yangu bila kusubiri chaja ya serikali, na nashukuru. Na ukikumbuka kobalti nyingi ya dunia inatoka kwa ndugu zetu wa Kolwezi kule Kongo na vijana wanaichimba kwa mikono, mtu mwenye roho lazima ajiulize kabla hajashangilia betri kubwa.

Lakini hoja inakatika sehemu mbili. Ya kwanza, betri zinazotumika sasa kwenye magari mengi ya Wachina ni za chuma na fosfati, hazina kobalti wala nikeli, na BYD aliacha kutengeneza gari za petroli tupu Machi 2022 na hakufa njaa. Ya pili ni hesabu ya muda na hii naomba uisome taratibu. Lita moja ya petroli inatoa kama kilo 2.3 za kaboni. Aqua yangu inayosifika inakunywa lita 750 kwa mwaka, hiyo ni tani moja na robo tatu. Haibridi itakayouzwa mpya Nagoya mwaka 2030 itafika kwetu 2037, na wewe unajua Bongo gari haifi, IST za 2003 zipo barabarani na zinafanya Bolt, kwa hiyo itakuwa inachoma petroli Tandika mpaka 2055 huko. Toyota wenyewe walitangaza 2015 kwamba 2050 magari yao mapya yatakuwa yamekaribia kutotoa kaboni kabisa. Mapya. Ya zamani yatakuwa kwetu, na kwenye vitabu vya yeyote kule hayatasomeka. Kwa hiyo haibridi ilikuwa jibu zuri sana mwaka 1997 Prius ilipotoka na lilikuwa zuri 2011, tatizo linakuja pale mtu aliyekupa jibu hilo anapokaa mlangoni kuzuia linalofuata, kisha anasema ni uchaguzi wa mteja. Mteja wa Tandika hajachagua, hajaulizwa.

Ili nisiongee kwa kusoma tu, likizo iliyopita nilikaa Nairobi kwa shemeji wiki mbili na kuendesha Leaf yake ya 40, yaani betri ya kWh 40, ya 2018. Kimya mpaka mwanzo unaogopa watembea kwa miguu, ikikanyagwa inaondoka kama imesukumwa, na jioni unachomeka ukutani kama simu. Tulikuwa tunapata kama kilomita sita kwa unit. Kenya umeme wao karibu asilimia 90 ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, na tangu 2023 wana bei maalum ya kuchajia, shilingi 16 zao kwa unit na usiku 8 kabla ya kodi, kwa hiyo shemeji anachaji akiwa amelala. Nikapiga hesabu ya kwangu hapa kwa Luku ya kawaida bila punguzo lolote, inakuja shilingi 60 kwa kilomita, Aqua ni 150, IST ilikuwa kama 270. Safari ya Naivasha tulienda na kurudi tukichungulia asilimia, hilo sikatai, ukiwa na Moro au Tanga kichwani utahitaji chaja ya njiani na kwetu hizo bado zinatafutwa kwa tochi. Kwa mizunguko ya mjini lakini sikuona sababu hata moja ya kurudi sheli.

Cha kuangalia kwenye Leaf ni joto. Betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, inapozwa na hewa tu, na wenye Leaf wa mwanzo wa jangwa la Arizona, Marekani, 2012 waliishtaki kampuni kwa betri kushuka mapema, basi na wewe wa Dar usiende kichwakichwa. Kwenye dashibodi kuna vipimo vidogo 12 pembeni ya asilimia, hivyo ndo afya ya betri, sio ile asilimia. Ya shemeji ilikuwa na 11. Chini ya 10 kwa bei ya mnada wa leo mimi singegusa.

Nikiambiwa nitoe nyota kwa kampuni kwa upande huu wa tabianchi natoa mbili, moja ya Prius waliyoileta dunia ikiwa imelala, na moja ya kiwanda cha betri walichofungua North Carolina 2025 kwa dola bilioni 13.9, maana hela kiasi hicho sio ya mchezo. Tatu zilizobaki watazichukua siku wakiacha kupinga sheria kwenye nchi ambazo magari yake yanaishia kwetu.

Na serikali zetu zisikae pembeni zikisubiri. Ethiopia mwanzoni mwa 2024 walifunga mlango, gari ya petroli au dizeli haiingii tena, wa kwanza duniani, wana maji yao ya mabwawa kama sisi tulivyo na Rufiji. Kigali tangu Januari 2025 bodaboda mpya ya biashara isiyo ya umeme haisajiliwi. Sisi sisemi tufunge kesho asubuhi, ila gari ya umeme iliyotumika ikifika bandarini ipewe nafuu ya kweli ya ushuru, meli za Japani na Uingereza zitajua zipakie nini.

Aqua siiuzi bado, iko na kilomita laki moja na elfu sitini na inadunda. Nimemwambia wakala anitafutie Leaf ya 40, ya 2019 kwenda juu, iliyokaa Hokkaido au Tohoku kwenye baridi, na kabla hajaweka dau anitumie picha ya dashibodi imewashwa nihesabu vile vipimo mwenyewe. Ameniletea mbili mpaka sasa, zote zina 10. Tunasubiri mnada wa Alhamisi.